Meneja Haoni Maombi ya Watu Wake: Kutafuta Chanzo Bila Kumfungulia Mfumo Mzima

"Kaka, nimeingia kwenye mfumo lakini sioni maombi ya likizo ya vijana wangu." Ujumbe wa namna hii humfikia mtu wa IT au wa HR akiwa na mambo mengine mkononi, na njia ya mkato inajulikana. Anafungua akaunti ya meneja na kumwekea tiki kwenye jukumu (role) kubwa, yaani lenye ruhusa nyingi. Isipofanya kazi, anaondoa na mipaka yote aliyowekewa, kisha anamwambia atoke na aingie upya. Meneja anaona, kazi inaendelea. Ila sasa meneja wa mauzo aliyetaka kuidhinisha likizo ya siku tatu ana uwezo wa kufungua hati ya mshahara ya kila mfanyakazi, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Kosa hilo linaepukika kabisa, na halihitaji mtaalamu wa programu. Linahitaji mtu anayeuliza kwanza tatizo liko wapi. Mifano yangu mingi ni ya ERPNext, programu ya kuendesha shughuli za kampuni, pamoja na Frappe HR, ya mambo ya wafanyakazi, kwa kuwa ni programu huria na mpangilio wake wa ruhusa uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Odoo, programu nyingine ya aina hiyo, nimeigusa pale inapotofautiana. Majina ya vitufe na kurasa nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Mfumo wowote wa kazini hujibu maswali matatu kabla ya kumwonyesha mtu kitu. Kwanza, huyu ni nani: akaunti ipi, na akaunti hiyo imeunganishwa na faili la mfanyakazi yupi. Pili, anaruhusiwa kufanya nini: kusoma, kuandika, kuwasilisha, kufuta. Hapo ndipo majukumu yanapofanya kazi. Tatu, anaruhusiwa kuyafanya hayo kwenye rekodi zipi: za idara gani, kampuni gani, wafanyakazi gani. Kwa mameneja, tatizo mara nyingi liko kwenye swali la kwanza au la tatu, huku matengenezo yote yakifanyika kwenye la pili. Ndiyo maana majukumu yanaongezeka na tatizo linabaki palepale.

"Sioni" ni malalamiko manne tofauti

Kabla ya kugusa mipangilio, omba vitu vitatu: picha ya skrini nzima ikiwa na anwani ya ukurasa juu, barua pepe aliyoingilia, na jina la mfanyakazi mmoja ambaye ombi lake lilitakiwa kuonekana. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linaloharakisha kazi kuliko yote. "Maombi hayaonekani" hukuacha unatafuta gizani. "Ombi la huyu dada wa ghala halionekani" unalifungua, unalisoma, unajua.

Kisha tambua ni "sioni" ipi. Huenda menyu yenyewe haipo. Huenda menyu ipo lakini orodha ni tupu au ina jina lake peke yake. Huenda orodha inaonekana, ila akibonyeza ombi anapata ujumbe wa kukataliwa. Au anafungua ombi vizuri, halafu hana kitufe cha kuliidhinisha. Kila moja ina chanzo chake.

Menyu haipo

Mwambie aandike /app/leave-application mwishoni mwa anwani ya mfumo wenu, katika matoleo ya 13 hadi 15 ya ERPNext. Ukurasa ukifunguka, ruhusa anazo. Kilichofichwa ni njia ya kufikia. Fungua ukurasa wa mtumiaji huyo na uangalie sehemu ya moduli zilizoruhusiwa. Mara nyingi moduli ya HR imeondolewa tiki, pengine kwa sababu alipewa kiolezo cha moduli cha idara nyingine.

Ukurasa usipofunguka, angalia aina ya mtumiaji. Frappe, jukwaa ambalo ERPNext imejengwa juu yake, hugawa watumiaji makundi: System User, anayeingia kwenye eneo la kazi, na Website User, ambaye huona kurasa za nje tu, zilezile wanazoona wateja. Mtu asiye na jukumu hata moja linalofungua eneo la kazi huhesabiwa Website User. Dalili yake haifichiki: meneja anaingia, nenosiri linakubaliwa, halafu anaishia kwenye ukurasa mweupe wenye wasifu wake. Mpe jukumu linalomstahili kisha uhifadhi. Aina ya mtumiaji hubadilika yenyewe.

Ana akaunti mbili

Hili ni la kawaida sana katika ofisi zetu. Kampuni ilianza na watu kumi wakitumia barua pepe za Gmail, baadaye ikanunua jina lake la intaneti na kila mtu akapewa anwani mpya. Kwenye mfumo, anwani ya barua pepe ndiyo utambulisho wa mtumiaji. Kwa hiyo meneja ana akaunti ya zamani iliyounganishwa na faili lake la mfanyakazi, na akaunti mpya anayoingilia kila siku, ambayo haijaunganishwa na chochote. Maombi yanakwenda kwenye ile ya zamani kama yalivyoelekezwa.

Fungua faili lake la mfanyakazi, soma kilichoandikwa kwenye User ID, ukilinganishe herufi kwa herufi na barua pepe iliyo kwenye picha aliyokutumia. Zikitofautiana, chanzo umekipata. Usiunde faili la pili la mfanyakazi, wala usijaribu kuunganisha akaunti moja na mafaili mawili. Mfumo utakataa, ukieleza kuwa mtumiaji huyo tayari yuko kwa mfanyakazi mwingine. Ama badilisha jina la akaunti ya zamani liwe anwani mpya, ukiziunganisha akaunti hizo mbili kuwa moja, ili historia yake ihame naye, ama elekeza User ID kwenye akaunti mpya na uizime ya zamani. Napendelea njia ya kwanza, kwa sababu idhini alizozitoa zamani hubaki kwa jina moja.

Odoo nayo ina kiungo cha aina hiyohiyo. Faili la mfanyakazi lina sehemu ya Related User, na isipojazwa, meneja atakuwa meneja kwenye chati ya ofisi tu. Mfumo haumjui.

Orodha ipo, ila anajiona yeye peke yake

Hapa ndipo penye kazi.

Unapounganisha faili la mfanyakazi na akaunti, kuna kisanduku kinachoitwa Create User Permission, na huja kikiwa na tiki tayari. Kikibaki hivyo, mfumo huandika mipaka miwili kwa mtumiaji huyo: wa Employee, yaani faili lake mwenyewe, na wa Company, yaani kampuni yake. Ukurasa wa User Permissions haumwongezei mtu kitu. Kazi yake ni kupunguza. Na mipaka hiyo haijali una majukumu mangapi. Mpe mtu HR Manager na System Manager kwa pamoja. Mpaka wa Employee ukiwepo, bado atabanwa. Anayeuruka ni akaunti moja tu, ile ya Administrator. Hii ndiyo sababu kuongeza majukumu hakusaidii, na ndiyo sababu mtu akichoka hufuta mipaka yote kwa mpigo.

Usifute. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mafaili ya wafanyakazi katika ERPNext yamepangwa kama mti, na matawi ya mti huo hutokana na sehemu ya Reports to, yaani bosi wake ni nani, iliyo kwenye faili la kila mfanyakazi. Mpaka unaoelekezwa kwenye faili la meneja hujumuisha na wote walio chini yake, hadi ngazi ya mwisho. Maana yake, meneja mwenye mpaka wa "faili langu mwenyewe" anapaswa kuona maombi ya watu wake bila kuongezewa chochote, mradi mti umepangwa sawasawa.

Akijiona peke yake, basi mti haujapangwa. Chukua yule mfanyakazi mmoja uliyetajiwa jina, fungua faili lake, tazama Reports to. Utakuta iko wazi, au ina jina la meneja aliyeondoka, au imejazwa jina la mkurugenzi kwa sababu aliyeingiza data siku ya kwanza aliweka kila mtu chini ya mkurugenzi ili amalize haraka. Weka jina sahihi, hifadhi, na meneja apakie ukurasa upya. Ukiona imefanya kazi kwa mmoja, rekebisha waliobaki kwa pamoja kupitia Data Import: toa orodha, jaza safu ya Reports to, ingiza tena.

Ikiwa Reports to iko sawa na bado haoni, fungua mpaka wenyewe kwenye User Permissions uangalie kisanduku cha Hide Descendants. Kikiwa na tiki, matawi yote ya chini yamekatwa makusudi. Kisanduku hicho ni kizuri kwa karani. Kwa meneja ni kizuizi.

Halafu kuna mpaka uliosahaulika. Meneja alikuwa mauzo, akahamishiwa ghala. Faili lake limebadilishwa idara, watu wa ghala wamewekwa chini yake, kila kitu kinaonekana sawa. Orodha ni tupu. Ukifungua User Permissions zake unakuta mpaka wa Department uliowekwa enzi za mauzo, na haujaguswa. Mipaka ya aina moja hujumlishwa: ukimwekea idara mbili, ataona zote mbili. Mipaka ya aina tofauti hukatana: ombi lazima litimize wa Employee, na wa Company, na wa Department, vyote kwa wakati mmoja. Watu wa ghala wanatimiza wa Employee, wanashindwa kwenye wa Department, kwa hiyo hawaonekani. Futa huo mmoja tu, mingine iache.

Kama wanaokosekana ni baadhi, na hao ndio ambao mafaili yao hayakujazwa idara, angalia System Settings kama Apply Strict User Permissions imewashwa. Ikiwa imezimwa, rekodi yenye sehemu tupu huruhusiwa kupita, ikiwashwa, huzuiwa. Usiizime kwa ajili ya meneja mmoja, maana inahusu kampuni nzima. Jaza idara kwenye mafaili yao.

Anafungua ombi, hana kitufe

Soma ombi lenyewe kwanza. Je, jina lililo kwenye sehemu ya Leave Approver, yaani mwidhinishaji wa likizo, ni lake? Kama ni la mtu mwingine, mfumo hauna kosa. Jina hilo huandikwa kwenye ombi wakati linapoundwa. Ukibadilisha mwidhinishaji kwenye faili la mfanyakazi leo, maombi yaliyokwisha kutumwa hubaki na jina la zamani. Kila mnapobadilisha meneja, mtu wa HR atafute maombi yote yaliyo wazi yenye jina la anayeondoka na kuyabadilisha moja moja. Ni kazi ya kuchosha, ila asipoifanya kuna mtu nyumbani anasubiri jibu la likizo ambalo halitakuja. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28; ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku 21 za kazi. Hizo ni haki za mtu, na sehemu moja isiyosasishwa inatosha kuzikwamisha.

Jina likiwa ni lake, angalia hali ya ombi. Likiwa bado Open na mtu akajaribu kuliwasilisha (Submit), mfumo hukataa na kueleza kuwa maombi yenye hali ya Approved au Rejected pekee ndiyo yanayoweza kuwasilishwa. Meneja anausoma ujumbe huo kama kunyimwa ruhusa, kumbe anatakiwa kwanza kubadilisha Status, kuhifadhi, kisha kuwasilisha. Hapo msaada ni simu ya dakika mbili.

Na kama hawezi kubadilisha Status? Sehemu za fomu zina madaraja. Daraja 0 ni ruhusa ya fomu yenyewe. Madaraja ya juu hulinda sehemu maalumu, na Status kwenye ombi la likizo iko daraja la 1. Jukumu linalomfaa nalo linaitwa Leave Approver, na lina ruhusa ya daraja hilo. Mtu akitengeneza jukumu jipya, tuseme "Meneja wa Tawi", akalipa kusoma, kuandika na kuwasilisha kwenye daraja 0 peke yake, meneja ataona kila kitu bila uwezo wa kubadilisha hali. Ongeza mstari wa daraja la 1 kwenye Role Permissions Manager, ukurasa wa kupanga ruhusa za kila jukumu, au mpe Leave Approver na uachane na jukumu la kubuni. Mimi naona la pili ni bora. Kila jukumu la kubuni ni kitu kingine cha kukumbuka siku ya kupandisha toleo.

Kuna hali nyingine ambayo si hitilafu: meneja anafungua ombi lake mwenyewe na hakuti njia ya kulipitisha. Mtu asijiidhinishie. Mpangie mwidhinishaji aliye juu yake.

"Jana nilikuwa nayo, leo haipo"

Mchawi wa hili karibu kila mara ni Role Profile. Mtumiaji akiwa amewekewa kiolezo cha majukumu, mfumo hurudisha orodha iliyo kwenye kiolezo kila akaunti yake inapohifadhiwa. Ulimwongezea Leave Approver kwa mkono, mwenzako akaja kubadilisha namba yake ya simu na kuhifadhi, jukumu likaondoka. Rekebisha kiolezo, au mwondoe kwenye kiolezo, lakini usiendelee kuongeza kwa mkono.

Tatizo likianza mara baada ya kupandisha toleo, angalia Role Permissions Manager. Ukibadilisha chochote hapo kwa aina fulani ya hati, Frappe hunakili ruhusa zote za hati hiyo na kuanzia hapo hufuata nakala yenu. Ruhusa mpya zinazokuja na toleo jipya hazisomwi. Kitufe cha Restore Original Permissions huirudisha hati kwenye hali ya kiwandani, lakini piga picha ya mlivyoweka kabla ya kukibonyeza, kwa sababu mabadiliko yenu yote yataondoka.

Na kama mfumo wenu unategemea akaunti za Google Workspace, jipeni subira kidogo: Google yenyewe inasema mabadiliko ya msimamizi yanaweza kuchukua hadi saa 24 kuenea, ingawa kwa kawaida huwahi.

Odoo kwa ufupi

Mambo mawili yanatosha kutatua mengi. La kwanza ni kiteua kampuni kilicho juu kulia. Meneja mwenye kampuni tatu ataona data ya zile alizoziwekea tiki tu, na orodha tupu mara nyingi ni tiki iliyoondolewa kwa bahati mbaya. La pili ni kanuni za rekodi, yaani masharti ya nani aone rekodi zipi: zilizofungwa kwenye kundi la watumiaji hujumlishwa, hivyo kumwongeza mtu kwenye kundi jingine kunaweza kumfungulia zaidi, za jumla hukata, na hakuna kundi litakalozishinda. Kama umemwongeza kwenye makundi yote na bado haoni, tafuta kanuni ya jumla. Kwa likizo, angalia pia aina ya likizo yenyewe imepangwa iidhinishwe na nani: mwidhinishaji wa mfanyakazi, afisa wa likizo, au wote wawili kwa zamu.

Kujaribu kwa njia sahihi

Usijaribu ukiwa Administrator. Akaunti hiyo huruka mipaka yote, kwa hiyo itakuambia kila kitu kinafanya kazi. Tumia ripoti ya Permitted Documents For User: chagua meneja, chagua Leave Application, na utaona rekodi zilezile anazoziona yeye. Usimwombe nenosiri lake. Likishajulikana na wawili, kumbukumbu ya nani aliidhinisha nini haiaminiki tena.

Ukishindwa kabisa na ombi moja ni la haraka, mtu ana msiba au mgonjwa, lifungue ombi hilo ukiwa na akaunti ya HR na umshirikishe meneja kwa kitufe cha Share, ukimpa kusoma, kuandika na kuwasilisha. Ruhusa hiyo ni ya hati moja tu, na inapita juu ya mipaka. Kisha rudi utafute chanzo kwa utulivu.

Meneja aliyehama bado anaona

Hili halilalamikiwi na mtu, kwa hiyo lazima ulitafute mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mishahara, vyeti vya ugonjwa na barua za onyo vilivyo mikononi mwa mtu asiyehusika ni jambo la kisheria, na kwa mfanyakazi mwenyewe ni jambo la heshima yake.

Meneja anapoacha kazi, ERPNext inakusaidia kidogo: haitakubali umweke Left wakati kuna wafanyakazi ambao Reports to yao bado inamtaja, na itakupa orodha yao. Wahamishe kwa meneja mpya, kisha uizime akaunti yake mwenyewe kwa mkono bila kudhani imejizima. Anapohama idara ndani ya kampuni, hakuna onyo lolote. Hapo pitia mambo manne siku ileile: Reports to ya waliokuwa chini yake, mipaka yake kwenye User Permissions, jukumu lolote alilopewa kwa muda, na hati alizoshirikishwa moja moja kwa Share. Hizo za mwisho hazionekani kwenye orodha ya majukumu yake, kwa hiyo zitafute kwenye DocShare, orodha ya hati zilizoshirikishwa, kwa kuchuja jina lake, na ufute zote zinazohusu idara aliyoiacha.